Miwani hainisaidii tena: je, lenzi pana zitanifaa, au nikabadilishwe kioo cha jicho?

BARUA

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari wilayani Masasi, mwanamke wa miaka 26. Nilianza kuvaa miwani nikiwa kidato cha tatu, na kila nilipobadilishiwa niliona vizuri kwa muda mfupi, kisha hali ikarudi ilivyokuwa. Sasa hata miwani mpya hainifai kitu. Nikiandika ubaoni kisha nikarudi nyuma hatua chache, siwezi kutofautisha 3 na 8, na kila mstari huonekana umeandikwa mara mbili, ule wa pili ukiwa kama kivuli kilichoteleza chini ya wa kwanza. Usiku taa za bodaboda hunijia zikiwa na mikia mirefu, nami nimeacha kabisa kutoka baada ya magharibi. Jicho la kulia ndilo baya zaidi.

Macho yangu yamekuwa yakiwasha tangu utotoni. Kwetu ni wakulima wa korosho, na kila ufikapo msimu wa kupulizia salfa, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa yuko kidato cha pili, huwa tunafikicha macho mpaka yanakuwa mekundu. Mama alikuwa akitukemea, lakini mwasho wenyewe haukuvumilika. Siku hizi mdogo wangu naye ameanza kukunja uso anaposoma.

Mwaka jana duka moja la miwani liliniuzia lenzi laini za kuvaa ndani ya jicho bila kunipima zaidi ya kunisomesha herufi za ukutani. Sikuona tofauti yoyote. Baadaye nilipewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam, nikapigwa picha ya uso wa jicho, na ndipo nikaelezwa kwamba nina keratokonasi. Mtaalamu aliniambia kuwa zipo lenzi ngumu na pana, zinazotengenezwa kwa vipimo vya jicho la mgonjwa mwenyewe na kukaa juu ya weupe wa jicho, ambazo huenda zikaniwezesha kuona tena vizuri. Bei aliyoitaja ni mishahara yangu ya miezi kadhaa, nikarudi nyumbani kwenda kufikiri.

Mjomba wangu, aliyenisomesha na ambaye ndiye msemaji wa mambo yetu ya ukoo, hataki kusikia habari ya lenzi. Jirani yake alifanyiwa upasuaji wa jicho na siku iliyofuata akaona, kwa hiyo mjomba ameazimia kwamba fedha za korosho za msimu ujao zinipeleke India nikabadilishwe kioo cha jicho, yaishe. Namheshimu sana, na sitaki aone kwamba nadharau msaada wake.

Naomba unieleze: je, lenzi hizi hutibu ugonjwa? Kitu kigumu kukaa juu ya jicho kutwa nzima hakitaniumiza? Kwa vumbi na shida ya maji ya huku kwetu, nitaweza kuzitunza? Na mjomba nimwambie nini?

Mwalimu wa Masasi

JIBU

Marahaba, mwanangu Mwalimu.

Barua yako ina maswali manne, lakini mimi nitaanza na la tano ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo linalotangulia yote: je, ugonjwa wako bado unaendelea, au umetulia? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama lenzi utakayoilipia leo itaendelea kukutosha, au kama jicho litabadilika umbo na kuiacha lenzi haikai tena.

Konea ni ile sehemu angavu iliyo mbele kabisa ya jicho, ambayo watu wengi huiita kioo cha jicho. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Kwa mwenye keratokonasi, konea hupungua unene, hulegea, kisha husukumwa mbele na kuchongoka, mara nyingi kidogo chini ya katikati. Mwanga unaopita kwenye uso uliokwenda upande hautui mahali pamoja ndani ya jicho, na ndiyo maana unaona mstari wa pili chini ya wa kwanza na mikia kwenye taa. Miwani hurekebisha jicho lenye umbo la kawaida, hata kama ni refu au limebonyea upande mmoja kwa mpangilio. Haiwezi kufuata mabonde na vilima vya konea iliyochongoka. Lenzi laini ulizouziwa nazo hujikunja na kulifuata umbo lile lile baya, kwa hiyo hazikuwa na la kukusaidia. Walioziuza walipaswa kukupima umbo la konea kabla ya kupokea fedha yako, na ninasikitika kwamba hawakufanya hivyo.

Kwa kawaida ugonjwa huu huanza katika umri wa kubalehe, huendelea katika miaka ya ishirini, kisha hupunguza kasi mtu anapokaribia miaka arobaini. Wewe una miaka 26, hivyo bado uko katika kipindi cha kuangaliwa. Kipimo ni ile picha ya uso wa konea uliyopigwa. Picha moja haisemi kama ugonjwa unaendelea. Zinatakiwa mbili au zaidi, zilizopigwa kwa kupishana miezi kadhaa, ili zilinganishwe. Omba nakala ya picha yako ya kwanza na uitunze, kwa sababu utakapohama kutoka kliniki moja kwenda nyingine itakuwa na thamani kuliko barua yoyote ya rufaa.

Ikionekana kwamba ugonjwa unaendelea, ipo tiba ya kuuzuia. Tiba hiyo ilibuniwa na watafiti wa Dresden, Ujerumani, na matokeo yake ya kwanza kwa wagonjwa yakachapishwa mwaka 2003. Konea hudondoshewa dawa ya riboflavini, ambayo ni vitamini B2, kisha humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Katika utaratibu wa awali mwanga huo hudumu nusu saa. Mchanganyiko wa dawa na mwanga huzifunga pamoja nyuzi za konea, ikakakamaa na kuacha kuchomoza. Tiba hii kazi yake ni kuzuia. Wengi huona vile vile kama awali, au nafuu kidogo tu. Tena inahitaji konea ambayo haijawa nyembamba kupita kiasi, hivyo anayechelewa anaweza kukosa nafasi.

Hapo ndipo ninapomfikiria mdogo wako kuliko ninavyokufikiria wewe. Ugonjwa huu huonekana zaidi katika baadhi ya familia, na kijana wa kidato cha pili anayefikicha macho na kukunja uso anaposoma anastahili kupimwa umbo la konea mapema iwezekanavyo, hata kama herufi za ukutani bado anazisoma. Ikigundulika kwamba amepata, kwake yeye kuzuia kunaweza kuwa ndiyo tiba nzima, kabla hajafika mahali ulipofika wewe.

Nanyi nyote wawili acheni kufikicha macho. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao. Kufikicha kwa nguvu, mwaka baada ya mwaka, kumehusishwa waziwazi na kuanza na kuendelea kwa keratokonasi, na najua vumbi la salfa lilivyo: hukaa kwenye kope, kwenye nywele, kwenye khanga, na usiku huingia machoni tena kutoka kwenye mto wa kulalia. Msimu unapofika, anayekwenda shambani avae miwani ya kinga inayoziba pembeni, akirudi aoge na kuosha nywele kabla ya kulala, na mwasho ukizidi aweke kitambaa safi chenye ubaridi juu ya kope zilizofumbwa. Yapo matone ya mzio ambayo daktari anaweza kukuandikia ukayatumia kwa muda mrefu. Usinunue tu matone yoyote dukani kwa sababu yalimtuliza jirani, kwani mengi yanayotuliza haraka yana steroidi, na steroidi zikitumika bila uangalizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Sasa nije kwenye lenzi zako. Hazitibu ugonjwa, wala haziuzuii. Zinachofanya ni kukuwezesha kuona, na hilo si jambo dogo kwa mwalimu wa Hisabati. Ukiitazama barabara ya vumbi yenye mashimo baada ya mvua, unaona maji yamejaa mashimoni na uso wa juu umekuwa sawa. Lenzi hizi hutumia njia hiyo hiyo. Lenzi huwekwa jichoni ikiwa imejazwa maji maalumu ya chumvi. Yale maji hubaki kati ya lenzi na konea, hujaza mabonde yote, na mwanga hukutana na uso wa lenzi ulio laini na wenye umbo sahihi badala ya konea iliyochongoka. Ndiyo maana mtu ambaye miwani ilimshinda anaweza kusoma mistari kadhaa zaidi siku ile ile anapojaribishiwa.

Unaogopa kwamba kitu kigumu kitakuumiza. Konea ina mishipa mingi ya fahamu na haivumilii kuguswa, lakini weupe wa jicho huhisi kidogo sana. Konea ina upana wa milimita 11 au 12, na lenzi hizi huanzia kama milimita 15 na kuendelea, kwa hiyo huivuka konea yote bila kuigusa na kutua juu ya weupe. Watu wengi walioshindwa na lenzi ndogo ngumu, zile zinazokaa juu ya konea yenyewe, huzivaa hizi pana kwa raha. Kwa mazingira ya kwetu zina faida nyingine: vumbi la chaki au la njiani, likiingia chini ya lenzi ndogo, linachoma kiasi cha kumtoa mtu machozi darasani, ilhali kingo za lenzi pana zimekaa chini ya kope na ni vigumu vumbi kupenya. Wala wazo hili si jipya, kwani baadhi ya lenzi za kwanza kuvaliwa na wagonjwa, ambazo daktari wa macho Adolf Eugen Fick alizieleza mwaka 1888 akiwa Zurich, zilikuwa za kioo na zilikaa juu ya weupe wa jicho. Zilivalika kwa saa chache tu kwa sababu kioo hakipitishi hewa na konea hupata oksijeni kutoka hewani. Leo zinatengenezwa kwa malighafi inayopitisha oksijeni, na ndiyo iliyozirudisha.

Hata hivyo, usifikiri kwamba unanunua lenzi kama unavyonunua viatu. Unachokilipia ni kazi ya kuilinganisha lenzi na jicho lako, na kazi hiyo haimaliziki siku moja. Weupe wa jicho si mviringo sawasawa. Upande wa kuelekea puani na ule wa kuelekea sikioni hutofautiana, na jicho la kulia halifanani na la kushoto. Mtaalamu ataanza na lenzi za majaribio. Atatia rangi ya njano katika maji ya lenzi, kisha akuangalie kwa hadubini yenye mwanga wa buluu ili aone maji hayo yana kina gani mbele ya konea. Mara nyingi hutafuta mikroni 200 hadi 300, yaani kama robo milimita. Halafu atakuacha ukae nayo saa kadhaa, kwa sababu lenzi huzama kidogo kadiri inavyotulia, na iliyokuwa na nafasi nzuri saa mbili asubuhi inaweza kuigusa konea ifikapo alasiri. Ataangalia pia kama ukingo unabana mishipa ya damu au umenyanyuka upande mmoja. Kutokana na hayo ndipo lenzi yako yenyewe huagizwa, na ikifika huenda ikahitaji kurekebishwa tena. Kwa hiyo, kabla hujalipa, uliza kama bei inajumuisha marekebisho na safari za kurudi kukaguliwa. Kliniki isiyokuwa na jibu la swali hilo ningeiacha.

Kuhusu utunzaji, maji ya bomba, ya kisima, ya mvua na ya mtungi, hata yakiwa yamechemshwa, yasiguse lenzi wala kasha lake. Katika maji ya kawaida huishi kijidudu kiitwacho akanthamiba, ambacho kikiingia katika konea huleta maumivu makali na kidonda kigumu mno kutibika. Maji hayo ni ya kunawia mikono kwa sabuni tu, na mikono ikaushwe kabisa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kabla ya kushika lenzi. Ya kujazia lenzi ni maji ya chumvi yasiyo na vihifadhi, yanayouzwa katika vichupa vya kutumia mara moja. Nimekuta watu wakitumia chupa ya dripu waliyoifungua wiki iliyopita, na nakusihi usifanye hivyo, kwa maana chupa ikishafunguliwa vijidudu huzaliana ndani yake. Vichupa hivyo huenda visipatikane Masasi, basi nunua vya kutosha Dar es Salaam na usome tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye boksi. Gharama hiyo ni ya kila mwezi, na wengi huisahau katika hesabu zao.

Namna ya kuvaa utafundishwa, nami nakueleza ili usikate tamaa siku ya kwanza. Unatandika kitambaa safi mezani na kuweka kioo cha kujitazamia juu yake, unaiketisha lenzi juu ya kishikio kidogo cha mpira na kuijaza maji mpaka ukingoni, kisha unainama mpaka uso wako uelekee chini sambamba na meza. Kope unazitanua kwa mkono mmoja, na kwa mwingine unaipandisha lenzi taratibu bila kusita mpaka maji yaguse jicho na kumwagika. Ukisita, hewa huingia, na utaona kiputo mbele ya mboni. Vua, jaza tena, rudia. Wakati wa kuvua, kifyonzeo cha mpira hunaswa karibu na ukingo wa lenzi, kamwe si katikati, kwani katikati huivuta konea pamoja na lenzi. Usiku lenzi zilale kwenye dawa ya kusafishia yenye peroksaidi ndani ya kasha lake maalumu kwa muda ulioandikwa, mara nyingi saa 6. Ukizitoa kabla, dawa hiyo itakuunguza jicho. Usilale nazo hata usingizi wa mchana. Na baada ya vipindi kadhaa ukiona ukungu kama wa moshi, mara nyingi ni uchafu mwepesi uliokusanyika katika maji ya ndani. Vua, suuza kwa maji ya chumvi, jaza upya, endelea na kazi. Weka vichupa viwili vitatu kwenye mkoba wako wa shule.

Kama jicho litakuwa jekundu, linauma, linaogopa mwanga, au uwezo wa kuona ukishuka ghafla, vua lenzi na uende hospitali siku hiyo hiyo, iwe Ndanda au Ligula, na usivae tena mpaka ukaguliwe.

Nimemwacha mjomba wako mwisho kwa sababu yote niliyoyaeleza ndiyo utakayomwambia. Anakupenda, na hoja yake inatokana na alichokiona kwa macho yake. Mweleze kwa adabu kwamba jirani yule, kwa jinsi ulivyosimulia, yaelekea alikuwa na mtoto wa jicho, ambao ni ukungu kwenye lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho. Huondolewa, huwekwa lenzi ya bandia, na mtu huona haraka. Kubadilisha konea ni jambo jingine kabisa. Konea hutoka kwa marehemu, hushonwa kwa nyuzi nyembamba zinazoweza kukaa mwaka na zaidi, mgonjwa hutumia matone kwa muda mrefu, mwili unaweza kuikataa, na wengi baada ya yote hayo bado huhitaji miwani au lenzi ili waone vizuri. Upasuaji huo una mahali pake, hasa konea inapokuwa na kovu katikati au lenzi ziliposhindikana kabisa. Kwa maoni yangu, kumpasua mtu ambaye hajajaribishiwa lenzi hata mara moja ni kuanzia mwisho. Usibishane naye nyumbani. Mwombe akusindikize kliniki siku ya majaribio, akae kiti cha pembeni, akusikie ukisoma herufi bila lenzi, kisha akusikie ukizisoma ukiwa nayo, na daktari amjibu yeye mwenyewe maswali yake. Mzee aliyekusomesha ana haki ya kuelezwa na mtaalamu ana kwa ana.

Kwa upande wa mpangilio, kabla ya kupanda basi piga simu katika idara ya macho ya Muhimbili, CCBRT au KCMC Moshi, uulize mambo matatu: kama wanapima umbo la konea, kama tiba ya kuzuia ipo, na kama yupo mtaalamu wa kulinganisha lenzi pana au watakuelekeza kwake. Likizo ya Juni mchukue mdogo wako mkapimwe wote wawili, wewe ukiwa na picha yako ya kwanza mkononi ili zilinganishwe. Ukionekana unaendelea, tiba ya kuzuia itangulie, nawe utaambiwa usubiri muda gani kabla ya kupimwa lenzi. Ukionekana umetulia, panga lenzi kwa likizo ya Desemba, wakati malipo ya korosho yameanza kutoka na huna vipindi vya kufundisha, ili uweze kubaki Dar es Salaam kwa siku za majaribio na za kujifunza kuvaa bila kukimbizana na ratiba ya shule.